Dirisha Namba Saba

Tenda wema nenda zako, walisema wahenga.
Wahenga hawakupata kuketi dirisha namba saba,
ofisi ya madai, jiji la Buffalo, ghorofa ya pili,
Februari, theluji imemeza magari hadi vioo.

Mimi nimeketi. Mwaka wa kumi na tisa sasa.
Na kila Jumanne huja yule watoto wamwitaye Kipanga,
husimama kwenye foleni kama mtu mwingine yeyote,
tiketi mkononi, namba themanini na nne,
joho amelikunja kwapani lisikanyagwe.

"Jina?"
"Kipanga."
"La kwenye cheti cha kuzaliwa."
Hutazama nyuma, huinama, hunong'ona: Terrence Gadowski.
Naandika. Fomu haina nafasi ya kinyago.

Tuanze na gari la Bi Irena Pawlak.
Uliliinua, ukamrushia mwizi wa benki, likampata mguuni.
Mtaa mzima ulipiga makofi.
Bi Irena alikuwa dirishani, anahesabu:
bado malipo ya miezi kumi na minne.
Bima yake inalipa mafuriko, moto, mti kuanguka.
Kurushwa na shujaa hakumo. Nimesoma mpaka yale maandishi ya chini,
madogo kama sisimizi.

Halafu mwizi mwenyewe.
Ulimfunga kwenye nguzo ya taa kwa chuma cha kupinda,
ukaacha kikaratasi, ukapaa.
Hakimu aliita shahidi mara tatu.
Asiyekuwapo na lake halipo.
Mwizi alitokea mlango wa mbele, anachechemea,
na yeye pia yumo humu, faili la buluu:
kushikwa bila mamlaka, mguu, usingizi uliopotea.

Usinitazame hivyo. Macho yako hupenya matofali, najua,
na hilo nalo lina faili lake.

Mzee Lubomir uliyemdaka hewani chini ya daraja la reli
yu hai, anakusalimu, mbavu tatu zimevunjika.
Wakili wake anakusalimu zaidi.

Kibali cha kuruka: huna.
Lile pango chini ya nyumba yako:
mkaguzi anauliza, moto ukizuka utatokea wapi?

Siku moja aliniuliza (kalamu mbili ameshazivunja, si kwa hasira,
ndivyo vidole vyake vilivyo):
"Kwani sheria inataka nifanye nini mtu akianguka?"
Nikapekua. Nilipekua kweli.
"Upige simu," nikamwambia. "Usubiri."
"Ghorofa ya kumi hadi chini ni sekunde mbili na nusu."
"Najua," nikasema. "Namba themanini na tano!"

Wiki ile ile jiko langu likashika moto.
Usiku wa manane, mimi, paka, na moshi;
ngazi ya nje imegandamana na barafu.
Nilipiga simu. Nilisubiri. Mimi ni mtu wa taratibu.
Sauti ikaniambia nipo wa tatu kwenye foleni.

Kisha kioo kikapasuka.
Hakuniuliza jina, la cheti wala la kubandika.
Alinibeba kama trei ya mayai;
tangu mbavu za mzee Lubomir amejifunza.
Akanitua kwenye theluji, akanipa paka wangu,
akapiga hatua ya kupaa, akakumbuka, akarudi,
akasimama pale pale, joho linafuka moshi,
akisubiri polisi waje waandike maelezo.

"Nenda," nikamwambia.
"Lakini fomu..."
"Nenda zako, Terrence."

Jumatatu mwenye nyumba alileta madai dirishani kwangu:
kioo na ufundi, dola mia nne na kumi.
Nilisoma mara mbili. Halali, kila senti.
Nikagonga muhuri.
Na pale palipoandikwa *Aliyesababisha uharibifu*,
kwa herufi kubwa, kwa mkono ambao haujawahi kudanganya fomu,
nikaandika:
UPEPO WA ZIWANI.